Nilisema kalewa, kumbe sukari ilikuwa imeshuka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Mbeya mjini, nauza vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Nina mke na watoto wawili. Nyumbani kwangu hakuna ugomvi, kwa hiyo usianze kutafuta huko. Linaloninyima usingizi ni safari ya baiskeli.

Tuko wanne. Watatu tulisoma pamoja sekondari, wa nne ni shemeji wa mwenzetu. Huu ni mwaka wa sita tunatenga siku nne au tano, tunafunga mahema na sufuria kwenye keria, tunaondoka. Hatushindani na mtu. Tukichoka tunakaa chini ya mti tunakula mahindi ya kuchoma, tukikuta mto tunaoga, jioni tunamwona mwenyekiti wa kijiji atuonyeshe mahali pa kupiga hema, tunapika, tunalala. Tumeshapanda zile kona hamsini na saba kutoka Chimala kwenda Matamba, ingawa ukweli ni kwamba tulizisukuma baiskeli zaidi ya kuzipanda. Tumefika Kitulo wakati wa maua. Wake zetu wanasema tumerudia utoto, na mimi sikatai.

Mmoja wetu tunamwita Fundi. Pampu ni yake, solushen ni yake, viraka, spana, hata spoku za akiba amezifunga kwa mpira wa tyubu kwenye fremu. Hakuna pancha iliyowahi kumshinda. Wa pili tunamwita Katibu kwa sababu ndiye anayeshika mchango na kuandika kila kitu daftarini hadi bei ya chumvi. Wa tatu ni shemeji yake Katibu, kijana bado, tunamwita Dogo.

Pasaka ya mwaka jana tulianzia Mafinga tukaingia Mufindi kwenye mashamba ya chai. Mvua ilitunyeshea vizuri sana. Udongo ulijaa kwenye madigadi hadi magurudumu yakagoma kuzunguka, tukawa tunakwangua kwa vijiti kila baada ya mita mia. Siku ya pili tulisukuma kutwa. Jioni tukafika kijiji kimoja, watu wanauza ulanzi, ile pombe ya mianzi, tukanunua. Fundi alikunywa kikombe kimoja tu, nilimwona.

Kabla ugali haujaiva akaanza kumgombeza Dogo eti kamwaga unga. Dogo hakumwaga kitu. Sauti ya Fundi ilikuwa imebadilika, inavuta maneno. Akainuka, akajikwaa kwenye kamba ya hema, akaanguka kifudifudi. Katibu akacheka. Mimi niliyekuwa karibu nikasema, "Mwacheni, kalewa huyo," nikamshika mkono nikamwingiza hemani.

Humo ndani ndipo nilipoogopa, Shangazi. Nje sisi sote tumevaa makoti, unajua baridi ya Mufindi, yeye shati limelowa jasho mpaka linakamulika. Anatetemeka. Nikamwita jina, akaniangalia kama hanijui. Halafu akanyoosha kidole kwenye begi lake dogo. Nikafungua, nikakuta pakiti ya glukosi na kitu kama kalamu nene. Nikakoroga glukosi kwenye kikombe, akanywa huku meno yanagonga kikombe. Haikupita robo saa akawa mtu mzima, ananiuliza kwa nini nimekaa juu ya begi lake.

Akaniambia ana kisukari, anachoma insulini, mwaka wa tatu sasa. Hakuna anayejua. Akanishika mkono akaniapisha kwa kaburi la mama yangu, ambaye alimpenda kama mtoto wake. Nikaapa.

Asubuhi Katibu akauliza, "Mlevi wetu kaamkaje?" Fundi akacheka, akasema ulanzi wa huku una mikuki. Na mimi nikacheka.

Sababu ya kuficha ni hii. Fundi anamchumbia binti wa Tukuyu, ambaye ni mtoto wa baba mdogo wake Katibu. Posa imepokelewa, wazee wanazungumza habari ya ng'ombe. Fundi anasema wakwe wakisikia anaishi kwa sindano, watauliza nani atamtunza binti yao.

Mwaka huu tumepanga baada ya Nanenane. Tunatoka Uyole, tunapanda hadi Isyonje, tunateremka Kiwira kuona Daraja la Mungu, tunalala Tukuyu. Tukuyu tunapiga hema uani kwa huyo baba mdogo, Katibu ameshampa taarifa, na nasikia mbuzi ametengwa. Kutoka hapo ni Masoko, Ipinda, halafu Matema siku mbili tukiogelea ziwani. Kurudi tutapandisha baiskeli juu ya basi Kyela.

Wiki mbili zilizopita Katibu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba yeye hawezi kupeleka mlevi nyumbani kwa baba yake mdogo. Ama Fundi aahidi mbele yetu sote kwamba hatagusa pombe safari nzima, ama abaki. Fundi akajibu kwa alama ya dole gumba tu. Lakini mimi Katibu alinipigia pembeni akaniambia kwamba anaanza kujiuliza kama ndugu yake aolewe na mtu wa namna ile.

Nikamwendea Fundi. Nikamwambia mambo yanaharibika, sema ukweli. Akanijibu, "Bora mlevi kuliko mgonjwa. Mlevi huacha."

Sasa Shangazi, nikinyamaza tutakwenda, na mtu pekee anayejua ni mimi, na mimi ndiye mzito kuliko wote, milimani huwa nabaki nyuma. Nikisema, nimevunja kiapo cha mama na pengine nimevunja na ndoa. Nikisusa safari, atalala hemani na nani? Na hilo neno la ulevi ni mimi niliyelipanda. Zimebaki wiki tatu. Nimebadilisha vitu vichache katika barua hii ili asijulikane. Nifanyeje?

Mwenye siri isiyo yake, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu. Na pole, maana umebeba mzigo huu tangu Pasaka ya mwaka jana, tena bila keria.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona kiapo na ugonjwa, kama ulivyotaka nione. Mara ya tatu ndipo nikaona kwamba umefunga siri mbili kwenye furushi moja, ukaliandikia jina la Fundi juu yake. Kuna siri ya sindano. Hiyo ni yake, na hiyo ndiyo uliyoiapia. Halafu kuna lile neno ulilolisema wewe, "kalewa huyo". Ulipolisema ulikuwa hujui, hakuna wa kukulaumu. Lakini asubuhi yake ulikuwa unajua, na ukacheka pamoja nao. Hiyo ya pili ni yako. Kwenye barua sioni mahali ulipoapa kwamba utaendelea kumwita mwenzako mlevi mpaka posa ivunjike.

Sikusemi kwa ukali. Najua kwa nini ulicheka. Yeye mwenyewe alikufungulia mlango na mikuki yake ya ulanzi, ukaona ukisimama peke yako bila kucheka utamchongea. Ninachokuomba ni utenganishe tu, kwa sababu mtu akijua kipi ni chake na kipi si chake, hupumua kidogo.

Lile jibu la Fundi limenikaa kichwani siku mbili. "Mlevi huacha." Kijana huyu amepiga hesabu, na hesabu yenyewe si ya kijinga. Sisi watu wa huku tunajua kuishi na mlevi. Tunamsema, tunamwombea, wazee wanamweka kikao, akiacha mwaka mmoja tunamsifu kanisani. Mgonjwa wa maradhi yasiyoisha tunamtazama kwa jicho lingine, tunaanza kunong'ona nani kamfanyia nini. Mimi nimezaliwa Rungwe, sitajifanya siyajui maneno yetu. Ila hesabu hiyo aliipiga kabla Katibu hajakupigia simu. Je, anajua kwamba Katibu anaanza kumwona hafai kumwoa ndugu yake? Umeandika ulimwambia "mambo yanaharibika". Hukuandika kama ulimweleza yanaharibika kwa kiasi gani. Kama alijibu akidhani linalozungumzwa ni safari tu, basi amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kuna mtu mwingine hayumo kwenye barua yako. Umenitajia baba mdogo, wazee, ng'ombe, hata mbuzi. Binti mwenyewe hana hata sentensi moja. Anajua? Pengine anajua siku nyingi na wanaficha wote wawili, na hapo wewe unalinda kitu ambacho mwenye kukihitaji zaidi anacho tayari. Pengine hajui. Kumwambia si kazi yako, na nakusihi usimfikishie kwa njia ya shangazi wala mshenga. Kumuuliza Fundi kama amemwambia, hilo rafiki anaweza.

Sasa niseme juu ya ugonjwa wenyewe, maana nadhani unauogopa mahali pasipo penyewe. Mimi si daktari. Nilikuwa na kaka, marehemu sasa, aliyeishi na kisukari cha sindano miaka mingi, akilima, akiendesha baiskeli kwenda gulioni. Na mpwa wangu anayefuatilia mashindano ya Ulaya aliniambia kuna timu ya kulipwa, Team Novo Nordisk, ambayo waendeshaji wake wote wana kisukari cha aina ya kwanza. Wote, wala si mmoja aliyehurumiwa. Wanapanda milima ambayo hata sisi wa Isyonje tungeshuka tukasukuma. Kwa hiyo hofu ya kwamba kisukari na baiskeli haviendi pamoja iweke chini. Lakini wale wana kitu ambacho Fundi hana: kila anayepanda karibu yao anajua, na anajua la kufanya.

Uliyoyaona hemani ni sukari kushuka. Insulini huiteremsha sukari ya damu, na misuli ikifanya kazi kutwa nayo huila sukari, tena huendelea kuila saa nyingi baada ya mtu kupumzika, hata usiku akiwa amelala. Ninyi mlikuwa mmesukuma baiskeli kwenye matope siku nzima. Halafu ukaja ulanzi. Ini ndilo linaloachia akiba ya sukari mwilini ikipungua, na pombe hulizuia lisifanye kazi hiyo. Kikombe kimoja kwenye tumbo lenye njaa, juu ya siku kama ile, si kidogo kwa mtu wa sindano. Kwa hiyo ajabu ni kwamba Katibu anadai jambo ambalo lingemfaa Fundi, ila kwa sababu ya uongo.

Na ule ugomvi wa unga ulikuwa dalili. Wifi yangu alikuwa anajua sukari ya kaka imeshuka akimsikia anagombana na redio. Jasho la baridi, kutetemeka, maneno kuvuta, hasira isiyo na mwenyewe. Anayejua akiona hivyo anakimbilia kikombe. Asiyejua anacheka, kama Katibu, au anajibu matusi, kama ambavyo Dogo angeweza kufanya.

Hapo ndipo njia yako ya kwanza, ya kunyamaza na kumlinda peke yako, inaponitia shaka. Sisemi haiwezekani. Ungelala naye hema moja, ungebeba glukosi mfukoni mwako na si kwenye begi lake, ungekuwa unamwangalia. Lakini umenieleza mwenyewe kwamba milimani unabaki nyuma. Kutoka Uyole hadi Isyonje ni kupanda, tena kwa muda mrefu, na barabara ile ina malori ya mpakani. Yeye akiwa mbele na Dogo, wewe uko nyuma kilomita mbili unahema, siri yako inamsaidia nani? Na baada ya Isyonje ni mteremko. Mtu akichanganyikiwa akiwa amekaa chini ya mti, hiyo ni shida. Akichanganyikiwa akiwa kwenye mteremko wa Kiwira na mzigo kwenye keria, sitaki hata kuandika.

Halafu fikiria ule usiku wa Tukuyu, ambao ndio ninaouogopa kuliko Isyonje. Mmefika saa kumi jioni. Mnakaribishwa chai, mnaambiwa chakula kinakuja. Wewe unazijua nyumba zetu: mgeni wa heshima hapewi chakula haraka haraka. Mbuzi achunwe, ndizi za mbalaga ziive, wazee waje, waombe. Mnakula saa tatu na nusu. Mtu wa sindano hupanga dozi kwa kuangalia chakula, na akichoma mapema chakula kikachelewa, inaweza kujirudia ile ya Mufindi, safari hii mbele ya baba mkwe. Asipochoma, sukari inapanda. Na atachomea wapi? Gizani kwenye migomba, ameshika tochi kwa meno? Halafu kimpumu, pombe yetu, kinaletwa, mrija unazungushwa, yeye ameahidi kutokunywa, kila mtu anamtazama kama mlevi aliyefungwa kamba. Sijui kama Fundi ameuona usiku huo kwa macho ya namna hii. Ningependa auone kabla hajaamua, na sidhani kuna mtu mwingine wa kumwonyesha isipokuwa wewe.

Hiyo inanipeleka kwenye kurudi kwake tena. Umekwenda mara moja ukamwambia "sema ukweli". Hilo ni agizo, na mtu mwenye aibu akipewa agizo hujifunga. Ingekuwaje ukienda na swali dogo zaidi? Kwa mfano: usiku wa Tukuyu tunaupitaje? Au: mimi nikibaki nyuma, nani mwingine ashike glukosi? Mwache achague mtu mmoja. Huenda akamchagua Dogo, ambaye mnamdharau kwa umri lakini ndiye mwenye mapafu ya kwenda naye mbele. Huenda akataka mbadilishe njia, mpite Tukuyu mchana, msalimie, mkapige hema Masoko karibu na lile ziwa. Wazee watanuna kidogo kuhusu mbuzi. Njia hii nayo ina hatari yake, nisikufiche. Anaweza kuona unamzunguka, akajitoa safarini, akaacha kupokea simu zako. Wanaume wa umri wenu mkinuniana mnaweza kumaliza miaka. Utakuwa umempoteza kwa muda, naye atabaki na siri yake bila hata mtu mmoja wa kumkorogea kikombe.

Njia ya kumwambia Katibu kwa siri umeizunguka tu, hukuitaja, lakini naiona kwenye barua. Inavutia, kwa sababu Katibu ni mtu wa daftari, ataweka utaratibu, atagawa majukumu. Ila Katibu ana kofia mbili. Ni rafiki wa Fundi, na ni kaka wa binti. Ukimpa habari hii unamlazimisha kuchagua kofia moja, bila ya mwenye habari kuwepo. Wapo wanaoweza kubeba hilo kwa busara. Wewe ndiye unayemjua, mimi namjua kwa bei ya chumvi tu.

Iko njia nyembamba kati ya hizo, na nimeona hukuifikiria. Ni ya kulirudisha lile neno lako, bila kugusa sindano. Unamwambia Katibu: "Kaka, mwaka jana mimi ndiye niliyesema amelewa, na nilikosea. Alikunywa kikombe kimoja, nilikuwepo. Mengine muulize mwenyewe." Basi. Ni kweli tupu, na kiapo kiko palepale. Lakini usidhani ni nyepesi. Katibu atakubana: kama hakulewa, alikuwa na nini? Una uso wa kunyamaza? Wapo watu ambao ukimya wao unasema kuliko wangesema. Na Fundi akisikia umemwondolea ulevi bila kumpa taarifa, atahisi umemvua shuka. Kama unaiona njia hiyo inafaa, nadhani angepaswa kujua siku moja kabla, ajiandae na jibu lake.

Kuhusu kususa, umeuliza mwenyewe atalala na nani, na umejijibu.

Mkienda, kwa njia yoyote ile, yako mambo ambayo hayahitaji kuvunja kiapo. Safari ya starehe, mwanangu, huwa na kituo cha kula kila baada ya saa moja au mbili, na kikundi kizima kikila ndizi na karanga, hakuna atakayemshangaa Fundi. Mwombe aende kliniki yake mapema aseme wazi kwamba ataendesha baiskeli siku tano, wampangie dozi. Kaka yangu aliwahi kuambiwa asichome pajani siku anayopiga pedali, kwa sababu mguu unaofanya kazi huinyonya dawa haraka. Apime, kile kipimo cha tone la damu kidoleni, kabla ya kupanda na kabla ya kulala. Sukari ikishuka akiwa na akili zake: vijiko vya chai vitatu au vinne vya glukosi kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari, subiri dakika 15, apime tena, ikiwa bado rudieni, halafu ale kitu cha kukaa tumboni. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mtafute hospitali. Tukuyu ipo, Matema ipo.

Insulini isikae kwenye begi la keria juani. Kutoka baridi ya Isyonje mnateremka kwenye joto la Kyela, na joto huiharibu. Kaka aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kwenye chungu kidogo, chungu kikakaa ndani ya kingine chenye mchanga uliolowa, kivulini. Matema hamtakosa vyungu, Wakisi wa Ikombe wanavileta kwa mitumbwi. Mtu akimwona Fundi ananunua chungu Matema hatamuuliza kitu, kila mgeni hununua.

La mwisho ni la barua yenyewe. Ulisema umebadilisha vitu vichache asijulikane. Haukubadilisha vya kutosha, mwanangu. Nimekaa na kalamu nikakata rangi ya baiskeli, nikakata mtaa wake, nikakata ile habari ya kengele aliyoitengeneza kwa kifuniko cha birika, ambayo Mbeya nzima nadhani hakuna ya pili. Kila nilipokata nilijiuliza kwa nini uliiweka. Mtu anayeficha haandiki habari ya kengele. Nakala yako ambayo haijakatwa ninayo, nitakurudishia kwa njia ileile uliyoniletea. Ukiona inafaa, iko siku unaweza kukaa naye pale anapozibia pancha, ukamsomea.

Shangazi